Lori la Babu na Kazi ya Grisi



Kamati ya chama chetu iliniomba niandike kipande cha historia kwa ajili ya kijitabu hiki. Nimechagua kuandika habari za lori la marehemu Babu, na hasa habari za kazi moja iliyofanywa juu ya lori hilo kwa miaka mingi, nayo ni kufungua habu za magurudumu, kuosha beringi na kuzipaka grisi upya.

Sababu ya uchaguzi huo ni hii. Vijana wetu walioko Kongwa wametuarifu kwamba injini ya lile Bedford, lililokuwa limelala kando ya mbuyu tangu mwaka 1998, imewaka. Mwakani, tutakapokutana nyumbani Mungu akipenda, wanakusudia kulitumia kuwachukua wazee kutoka njia panda ya Mbande hadi Kongwa. Habari hiyo imetufurahisha sote. Lakini katika taarifa yao ndefu, iliyotaja kabureta, betri, matairi na hata rangi, sikuona neno moja juu ya habu. Mimi nimestaafu utumishi wa umma baada ya kuutumikia nyumbani, katika karakana ya magari ya serikali, na kisha huku ugenini. Kwa hiyo naona ni wajibu wangu kueleza mambo ambayo walio chini ya umri wa miaka arobaini hawakuyaona.

KABLA YA LORI

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi mizigo ilivyosafiri katika nchi yetu kabla ya magurudumu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia katika nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Wajerumani. Farasi na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa wingi kwa sababu ya mbung'o, na magari yalikuwa machache yasiyotosha. Mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Wapagazi waliochukuliwa na Waingereza waliwekwa katika kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kutokana na jina hilo tumepata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Ugogo uliumia mara mbili. Watu walichukuliwa, na nafaka na mifugo ikachukuliwa pia. Ikafuata ile njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 ambayo wazee wetu waliiita Mtunya. Baba yake Babu alikuwa miongoni mwa wapagazi. Yeye alirudi, lakini nduguye hakurudi. Ndiyo maana Babu alizoea kusema kwamba lori, hata likiwa bovu namna gani, ni mtu aliyepumzishwa mzigo.

BABU NA VITA VYA PILI

Katika Vita Kuu ya Pili zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Safari hii jeshi lilikwenda kwa magurudumu. Viwanda vya Ford na General Motors vya Port Elizabeth, hapa Afrika Kusini, viliunga malori ya kijeshi kwa vipande vilivyoletwa kwa meli kutoka Kanada, na misafara ya malori ikapanda kutoka kusini hadi Kenya. Kutoka huko majeshi ya Uingereza, pamoja na askari wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Afrika Kusini, yalivuka nyika kavu za kaskazini. Mogadishu ilitwaliwa tarehe 25 Februari 1941, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili mwaka huohuo. Mwendo mrefu kiasi hicho katika muda mfupi kiasi hicho haukuwezekana ila kwa malori.

Babu aliajiriwa katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki. Baadaye alipelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1944 ilisonga mbele katika bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko, ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Katika vita vya jangwani adui wa gurudumu alikuwa vumbi. Katika bonde la Kabaw adui alikuwa tope na maji. Babu hakupenda kusimulia habari za risasi, bali habari za habu alizisimulia kwa kirefu.

Hapa sina budi kueleza grisi ni kitu gani, maana wengi huidhani kuwa ni mafuta mazito tu. Grisi ni mafuta ya mashine yaliyoshikwa na sabuni, kama vile maji yanavyoshikwa na sifongo. Sabuni huyazuia mafuta yasitiririke, na beringi inapozunguka mafuta hutoka kidogo kidogo kulainisha chuma. Katika miaka ile zilitumika hasa aina mbili. Grisi ya sabuni ya chokaa iliyastahimili maji, lakini ilipopata joto kali iliyeyuka na kupoteza nguvu. Grisi ya sabuni ya sodiamu ilistahimili joto, lakini maji yaliiharibu. Hivyo lori lililovuka mto kwa kuzamisha magurudumu lilipaswa kufunguliwa habu na kupakwa upya, hata kama lilikuwa limepakwa juma lililotangulia. Grisi ya sabuni ya lithiamu, inayostahimili joto na maji pia, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1942 kwa jina la Clarence Earle, na baada ya vita ikaenea duniani kote. Babu aliikuta akiwa mtu mzima, akaiheshimu, lakini hakuacha desturi ya kufungua habu kila alipovuka maji mengi.

KARANGA ZA KONGWA

Alirudi nyumbani mwaka 1946. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilianzisha ule mpango mkubwa wa karanga, makao yake yakiwa Kongwa kwetu. Ilitarajiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika na nchi nyingine za jirani, ili Waingereza wapate mafuta ya kula. Mashine nyingi zilizoletwa zilikuwa masalio ya vita. Yalikuwamo matrekta na malori yaliyochakaa, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta.

Wataalamu waliokuja walitazama ramani na hesabu, lakini udongo wa Kongwa hawakuujua vya kutosha. Wakati wa kiangazi udongo ule hukauka ukawa kama saruji, na chembe zake ngumu hula chuma. Majembe yalilika kwa muda mfupi, na vumbi likaingia katika kila kitu kinachozunguka. Mvua nazo hazikuja kama walivyotarajia. Ilipofika mwaka 1951 mpango ulikuwa umevunjwa, na takriban pauni milioni 36 zimepotea.

Babu alifanya kazi katika karakana ya mpango huo tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo baadaye lilikuwa sheria ya nyumba yetu. Grisi iliyoingiwa na vumbi ni mbaya kuliko kukosa grisi, kwa sababu huwa kama msasa. Beringi isiyo na grisi hulia, na dereva akasikia. Ile yenye vumbi hujisaga kimya kimya mpaka siku ya msiba.

MSIBA WA MWAKA 1969 NA KUNUNULIWA KWA BEDFORD

Msiba huo tuliupata. Mwaka 1969 marehemu baba mdogo alikuwa taniboi katika lori la tajiri mmoja, likipakia mtama kwenda Morogoro. Kabla ya kufika Gairo gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka, lori likapinduka, naye akafariki papo hapo. Babu alikwenda mwenyewe kuitazama ekseli. Alieleza kwamba beringi ya ndani ilikuwa imekauka, ikapata joto hadi chuma kikageuka rangi ya buluu. Roli zake zikakwama. Pete ya ndani, badala ya kutulia, ikaanza kuzunguka juu ya ncha ya ekseli na kuila, mpaka nati ikakosa pa kushikia na habu nzima ikatoka pamoja na gurudumu. Kazi ya nusu siku na kopo moja la grisi vingeliweza kuyaokoa maisha yale. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukujenga ukuta, tulichimba kaburi.

Mwaka 1971 Babu aliuza ng'ombe, akaongeza akiba yake ya miaka, akanunua mnadani lori lililokuwa la jeshi. Ni Bedford RL, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950 kwa ajili ya jeshi, yenye injini ya petroli ya silinda sita na nguvu katika magurudumu yote manne. Wengi walimshangaa kwa kununua gari linalokunywa petroli namna ile. Jibu lake lilikuwa kwamba gari la jeshi limeundwa ili lifunguliwe na mtu aliye mbali na karakana, kwa spana chache, chini ya mti. Tena aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayepanda juu ya gurudumu ambalo yeye mwenyewe hakulifungua.

KAZI YENYEWE ILIVYOFANYWA

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi nilipopewa kazi ya kuosha beringi kwa mafuta ya taa. Utaratibu haukubadilika hata siku moja, nami nauandika hapa kwa ajili ya vijana.

Lori liliegeshwa mahali tambarare, magurudumu yasiyofunguliwa yakazuiwa kwa magogo, kisha ekseli ikainuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya vigogo imara. Babu hakumruhusu mtu yeyote kufanya kazi chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake. Kwa kuwa magurudumu yote ya lori hilo huendeshwa na injini, ilipasa kwanza kutoa kipande kinachounganisha shafti na habu, ndipo nati na kifungio chake vionekane. Nati ikitoka, habu huvutwa taratibu, na beringi ya nje hupokewa kwa mkono juu ya kitambaa safi ili isianguke mchangani.

Grisi kuukuu ilifutwa yote. Babu aliipaka kati ya vidole na kuitazama kwenye jua. Ikiwa nyeusi tu, ni uzee. Ikiwa na chembe zinazong'aa, beringi inajila. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili ya mafuta imekufa. Baada ya kuosha, beringi iliachwa ikauke, na roli zake zikakaguliwa moja moja pamoja na pete ya nje iliyomo ndani ya habu. Palipoonekana vishimo, mikwaruzo au rangi ya joto, beringi na pete yake vilitupwa vyote viwili, kwani roli mpya juu ya pete mbovu hazidumu.

Kisha ikaja sehemu ambayo haiwezi kufanywa kwa haraka. Grisi mpya huwekwa katika kiganja cha mkono wa kushoto, na beringi hukandamizwa juu yake kwa upande wake mpana, tena na tena, mpaka grisi itokeze upande wa pili katikati ya roli zote. Kuipaka kwa nje hakutoshi. Bomba la grisi nalo halifai kwa kazi hii, kwa kuwa matundu yake hupeleka grisi kwenye viungo vya usukani na springi, wala haifiki kwenye beringi za habu. Ndani ya habu huwekwa grisi ya kiasi. Ikijazwa kupita kiasi hupata joto, hutanuka, husukuma sili, na mwisho huangukia kwenye breki. Lori lenye grisi kwenye breki ni hatari kama lile lisilo na breki. Tena grisi za aina mbili zisichanganywe, maana zaweza kulegezana.

Mwisho sili mpya huwekwa na habu hurudishwa. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, hadi lianze kuwa zito, kisha hulegezwa kidogo, chini ya robo ya mzunguko, ili beringi ipate nafasi ya kupumua. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha matengenezo, nacho kifuatwe. Baada ya mwendo mfupi Babu alisimamisha lori na kuweka kiganja juu ya kila habu. Uvuguvugu ulimridhisha. Habu iliyomfanya aondoe mkono ilifunguliwa tena palepale, hata kama abiria walinung'unika.

Kila alipomaliza, aliandika katika daftari tarehe, gurudumu lililofunguliwa, alichokikuta, na jina la mtoto aliyemsaidia. Madaftari hayo yako manne. Humo tunajua nani alikuwa nyumbani mwaka gani, nani alikwenda shule, nani aliondoka. Jina langu linaonekana mara ya mwisho mwaka 1995, miezi michache kabla sijahamia huku.

VITA VYA KAGERA NA MIAKA YA UHABA

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Serikali yetu ilikusanya magari mengi ya raia na ya mashirika ili kubeba askari na vifaa, na Bedford letu likawa miongoni mwao. Hivyo gari lililozaliwa jeshini likarudi jeshini. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, na lori likarejeshwa kwetu katikati ya mwaka huo. Injini ililalamika, bodi ilikuwa imebonyea, lakini Babu alianza na habu. Grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa katika magurudumu matatu kati ya manne. Alisema angeiona hiyo hata akiwa amefumba macho, kwa kuwa aliijua tangu Burma.

Ikafuata miaka ya uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vipuri vilikuwa adimu, na malori mengi nchini yalisimama kwa kukosa vitu vidogo. Letu liliendelea kwa sababu beringi zilizooshwa na kutunzwa hazikuhitaji kununuliwa. Nilipoingia karakana ya serikali nilikuta magari mapya kuliko letu yakiwa yamefia uani, na mara nyingi chanzo chake kilikuwa hichohicho.

KONGWA NA JOHANNESBURG

Wapo wanaouliza kwa nini mtu wa Kongwa awe anaishi Yeoville. Nawajibu kwamba njia ilifunguliwa kabla yangu. Mwaka 1964 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini kambi pale Kongwa, katika eneo lililoachwa na mpango wa karanga. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Angola nao walikuwa na kambi zao hapohapo. Nilipofika Yeoville, jirani mmoja mzee aliposikia jina la kijiji changu alicheka, akaniuliza kama vumbi lile bado lipo.

Yeoville ya leo ni mtaa wa Waafrika wa kila nchi. Barabara ya Rockey husikika Kiswahili cha Goma, cha Lubumbashi na cha Dar es Salaam, pamoja na Kifaransa, Kishona na Kizulu. Na huko Saxonwold, si mbali na hapa, lipo jumba la makumbusho ya historia ya kijeshi, lililofunguliwa na Smuts yuleyule mwaka 1947, mwaka uleule ulioanza mpango wa karanga kwetu. Nimekwenda huko na wajukuu. Mizinga, ndege na magari vimehifadhiwa vizuri, na majina ya majenerali yameandikwa. Jina la mtu aliyefungua habu mtu hawezi kulikuta huko, wala sidhani kama lipo katika jumba lolote. Lipo katika yale madaftari manne.

OMBI LANGU

Vijana wetu, kazi mliyoifanya juu ya injini ni ya kusifiwa. Lakini lori lililosimama miaka zaidi ya ishirini na mitano lina grisi iliyokauka, sili zilizopasuka, na huenda kutu mahali ambapo roli ziligusa pete bila kusogea. Kutu ya namna hiyo haionekani mpaka habu ifunguliwe. Msiliburute wala kuliendesha, hata mwendo mfupi, kabla habu zote nne hazijafunguliwa.

Kila beringi imechongwa namba kwenye pete yake. Isafisheni, isomeni kwa uangalifu, na niandikieni namba za beringi zote pamoja na vipimo vya sili. Namba hizo ni za kimataifa; beringi iliyowekwa Uingereza miaka sitini iliyopita yaweza kutafutiwa mwenzake leo katika maduka ya Johannesburg. Nitazitafuta kwa gharama yangu na kuzileta mwenyewe. Chama nacho nakiomba kigharimie kunakili madaftari ya Babu, ili kila tawi la ukoo lipate nakala kabla mchwa hawajayapata.

Miongoni mwa wazee watakaopanda lori hilo pale Mbande mwakani atakuwamo mjane wa marehemu baba mdogo. Ameniambia kwa simu kwamba atapanda. Aliuliza swali moja tu, nani amefungua magurudumu. Nawaomba mniwezeshe kumjibu kwa majina, na majina hayo yaandikwe katika ukurasa unaofuata wa daftari la nne.

Wasalaam,

Ndugu yenu katika ukoo,
Yeoville, Johannesburg